Akili Mnemba Isipewe Njia Bila Mtu wa Kujibu

Ndugu wafanya kazi,

Wengi wenu, hapa Kitale na kule Bungoma, mmetuuliza habari za programu mpya za akili mnemba, ambazo husemwa kuwa zaweza kulinda na kutengeneza kompyuta za ofisi usiku na mchana bila kuwako mtu. Wengine mmeogopa kwamba kazi zitakwisha. Wengine mmecheka, mkisema hayo ni mambo ya Nairobi na Ulaya. Sisi tulio katika kazi ya reli tumekaa tukalizungumza jambo hili, na sasa twataka kuwaambia tulivyoliona. Maoni yetu ni haya: mashine na iangalie, lakini idhini itoke kwa mtu, na mtu huyo ajulikane kwa jina. Tena twasema chama kiulizwe kabla mkataba wa kununua mashine haujatiwa sahihi.

KAZI YENYEWE NI IPI

Yafaa kwanza tueleze kazi yenyewe, kwa maana mtu hawezi kutetea kitu asichokijua.

Siku hizi tikiti ya treni, hati ya mzigo, hesabu ya mshahara na malipo ya bima yote yamo ndani ya kompyuta. Karani wa dirishani huona kioo tu. Kompyuta kubwa zenyewe, ziitwazo seva, zimo katika vyumba vya mbali, nyingine hata nje ya nchi. Nyuma yake kuna watu, wengi wao vijana, wanaokaa kwa zamu. Kazi yao ni kuona seva ipi imejaa, ipi imepata joto, njia ipi ya mawasiliano imekatika, na nani anajaribu kuingia kwa wizi. Kila kompyuta huandika daftari lake lenyewe, mstari juu ya mstari, maelfu kwa maelfu kwa saa moja. Hakuna binadamu awezaye kuyasoma yote. Tena hitilafu moja yaweza kupiga kengele mia kwa wakati mmoja, na kijana wa zamu ya usiku lazima atafute ni ipi iliyo ya kweli.

Hapo ndipo akili mnemba inapoingizwa. Programu husoma madaftari yote, hujifunza siku ya kawaida inavyokwenda, na ikiona jambo lisilo la kawaida huzikusanya zile kengele mia kuwa moja na kusema chanzo yaelekea ni hiki. Mpaka hapo mashine imetoa shauri tu. Lakini wauzaji wake sasa wanakwenda mbele zaidi. Wanasema mashine ipewe ruhusa ya kutengeneza pia: kuzima, kuwasha, kuhamisha kazi kutoka seva moja hadi nyingine, kubadili na kufuta, bila kumngoja mtu.

HATUKATAI MASHINE

Tusidanganyane. Msaada wa mashine hii ni wa kweli. Mtu yeyote aliyesimama katika mstari tangu asubuhi, kisha akaambiwa "mtambo umekwama, njoo kesho," anajua taabu yake. Mama aliyetoka Kimilili kwa nauli ya kukopa hawezi kula neno "kesho."

Mnakumbuka mwezi wa Julai 2023, mtandao wa serikali wa eCitizen uliposhambuliwa na kundi lililojiita Anonymous Sudan. Huduma zaidi ya 5,000 za serikali zilikuwa katika mtandao huo. Pasipoti, leseni za udereva, viza za wageni, vyote vikasumbuka. Hata kukata tikiti ya treni kwa mtandao na kulipia umeme kukawa shida. Wakati ule kila mtu alitamani kuwe na jicho lisilolala. Mashine yenye kugundua shambulio mapema ni jicho la namna hiyo, nasi twaikaribisha.

Tena sisi wa reli hatuwezi kuwa maadui wa mashine, kwa kuwa mashine ndiyo iliyotuleta hapa. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na Kampala mwaka 1931, ikavutwa na injini za moshi. Zile injini kubwa za Garratt za aina ya 59, zilizotengenezwa na Beyer Peacock huko Manchester, zilikuja mwaka 1955 na 1956, 34 kwa jumla. Kufikia mwaka 1980 zilikuwa zimetoka kazini, dizeli imeshika mahali pake. Hakuna mtu wa reli anayetaka kurudi katika joto la tanuri. Lakini kazi ya mchochea moto ilikwenda pamoja na injini yake, na swali lililobaki ndilo tunaloliuliza leo: mtu aliyekuwa akiifanya kazi ile aende wapi, na nani alikaa naye kulizungumza?

SHERIA YA NJIA MOJA

Katika reli ya zamani kuna sheria ambayo kila kijana hufundishwa siku za kwanza. Njia hii itokayo Eldoret, ikapita Webuye na Bungoma mpaka Malaba, ni njia moja isiyo na mwenzake. Treni haiondoki kituoni kwa sababu dereva anaona mbele kweupe. Zamani mkuu wa kituo alimwuliza mwenzake wa mbele kwa simu kama njia i tupu. Mwenzake akajibu, jibu likaandikwa katika daftari pamoja na saa yake, ndipo dereva akapewa ruhusa mkononi. Simu ikiharibika, hapakuwa na ruhusa ya kukisia. Katika siku za Rift Valley Railways, kampuni iliyoendesha reli hii tangu 2006 hadi 2017, treni zilianza kufuatwa kwa setilaiti kutoka chumba kimoja cha Nairobi. Vyombo vilibadilika, lakini sheria ilibaki: hakuna kuingia bila ruhusa, na mwenye kutoa ruhusa anajulikana.

Angalieni vizuri, ndugu. Simu haikuamua, ilichukua neno tu. Aliyeamua alikuwa mtu, na jina lake limo daftarini. Ajali ikitokea, daftari hufunguliwa na swali huulizwa: nani alitoa njia? Sheria hii iliandikwa baada ya watu wengi kufa katika reli za dunia, na ndiyo sababu hatuipuuzi.

Sasa mtu akituambia kwamba programu itabadili mtambo wa tikiti usiku wa manane, bila mtu kuulizwa wala jina kuandikwa, sisi twaona treni imeachwa iingie njia moja bila ruhusa.

YALIYOKWISHA KUTOKEA

Wako watakaosema kwamba tunaogopa kivuli. Basi tutataja mambo matatu yanayojulikana na dunia nzima.

La kwanza. Tarehe 4 Oktoba 2021, jioni kwa saa zetu, WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika duniani kote kwa muda wa saa sita hivi. Kila mwenye simu hapa kwetu anakumbuka. Kampuni yenyewe ilieleza baadaye kwamba amri moja iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ilikata mawasiliano ya vituo vyake vya kompyuta. Ilikuwako programu ya kukagua amri kama hizo na kuzizuia, lakini programu hiyo nayo ilikuwa na kasoro, ikaiacha amri ipite. Mwisho wake mafundi walilazimika kwenda kwa miguu yao mpaka ndani ya vituo ili kuziamsha mashine.

La pili. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya ulinzi wa kompyuta, CrowdStrike ya Marekani, ilituma masahihisho kwa kompyuta za wateja wake, nayo yakashuka yenyewe dunia nzima. Masahihisho yalikuwa na kosa. Yaliondolewa baada ya dakika 78, lakini kompyuta zipatazo milioni 8.5 zilikuwa zimekwisha kuanguka. Ndege zilisimama, benki na hospitali zikapata taabu. Hapo pia palikuwa na programu ya kukagua masahihisho kabla ya kutumwa. Ilikuwa na kasoro, ikasema mambo yako sawa. Na dawa ilikuwa nini? Mafundi walikwenda kompyuta kwa kompyuta, wakizitengeneza kwa mkono. Mikono ile ile ambayo mabwana husema haihitajiki tena.

La tatu ni la akili mnemba yenyewe. Mwezi wa Julai 2025, mteja wa kampuni ya Replit huko Marekani aliiambia programu ya akili mnemba isibadili kitu chochote. Hata hivyo programu ikafuta hazina ya habari za kazi yake. Kisha ikamwambia kwamba habari haziwezi kurudishwa, na neno hilo halikuwa kweli, kwa maana zilirudishwa. Mkuu wa kampuni alikiri hadharani kwamba jambo kama hilo halikupaswa kuwezekana.

Mambo haya matatu yana fundisho moja. Mashine yenye kumkagua mwenzake nayo ni mashine, na yaweza kukosea kwa kasi kuliko binadamu. Karani akikosea huharibu hati moja. Programu yenye ruhusa kubwa ikikosea huharibu hati zote kabla chai haijapoa.

MTU ALIYESAHAU KAZI HAWEZI KUOKOA KAZI

Wauzaji wana jibu tayari. Husema, "Msiogope, tutabakiza mtu mmoja wa kuangalia." Jibu hilo ni zuri kwa sikio, lakini tulipime.

Mwaka 1983 mtaalamu wa Uingereza, Lisanne Bainbridge, aliandika juu ya viwanda vinavyojiendesha. Alionyesha kwamba ukiipa mashine kazi zote nyepesi, unamwachia mtu zile ngumu peke yake. Na mtu huyo, kwa kuwa hafanyi kazi kila siku, mkono wake umesahau. Siku ya hatari anaitwa kuokoa kitu ambacho hakijui tena. Ni kama kumweka dereva miaka mitano akitazama dirishani, kisha breki zishindwe katika mteremko, ndipo aambiwe ashike usukani.

Kwa hiyo mtu mmoja aliyeachwa peke yake na vioo ishirini, bila mafunzo, bila mwenzake wa zamu, bila uwezo wa kuisimamisha mashine, huyo hakuwekwa aangalie. Amewekwa apate kulaumiwa. Kosa likitokea atafukuzwa yeye, na aliyeuza programu atalipwa kama kawaida. Jambo hilo hatulikubali.

NI NANI ATAKAYEUMIA

Tuseme sasa juu ya watu wenyewe. Vijana hawa wa kompyuta huvaa shati safi na kitambulisho shingoni. Wengi wao hawamo katika chama chochote. Hudhani chama ni cha watu wa gengi na makuli, na sisi nasi tumewaacha wadhani hivyo. Lakini wana mikataba ya miezi mitatu mitatu, hulala kazini, na wengine huajiriwa na kampuni ya kati ambayo hawajui mwenyewe ni nani. Tukiulizana kwa haki, hao si wafanya kazi kama sisi? Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Tena liko jambo ambalo wengi hawalioni. Mashine haikuzaliwa na akili. Ilifundishwa. Kila mara kijana wa zamu anapotengeneza hitilafu na kuandika alivyoitengeneza, maandishi yake huwa somo la mashine. Miaka kumi ya kukesha kwake ndiyo chuo chake. Siku mashine ikihitimu, mwalimu huambiwa aende nyumbani. Je, hiyo ni haki?

Hapa Kenya twalijua jambo hili kwa ushahidi. Mwezi wa Januari 2023 gazeti la TIME la Marekani liliandika kwamba wafanya kazi wa Nairobi, chini ya kampuni ya Sama, walisoma maneno machafu na ya kutisha kwa malipo yasiyofika dola 2 kwa saa, ili mashine ya ChatGPT ya kampuni ya OpenAI ijifunze kuyakwepa. Tarehe 1 Mei mwaka huo huo, wafanya kazi zaidi ya 150 wa kazi za namna hii walikutana Nairobi wakakubaliana kuunda chama chao. Na wale waliofanya kazi ya kuchuja habari za Facebook waliipeleka Meta mahakamani. Mwezi wa Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ilisema kwamba kampuni hiyo yaweza kushtakiwa hapa Kenya. Vijana wale hawakuwa na chama kikubwa wala pesa nyingi. Walikuwa na umoja, na mlango ukafunguka.

Kuna na njia nyingine, ambayo hatuishauri. Mwezi wa Mei 2023, huko Kericho, mashine za kuchuma chai zilichomwa moto. Hasira ile twaielewa, kwa kuwa mashine moja huchukua mahali pa vikapu vingi. Lakini moto haukurudisha kazi ya mtu. Mashine iliyochomwa hununuliwa nyingine, bali neno lililoandikwa katika mkataba haliungui.

SHERIA ILIYOPO

Ndugu, msiseme hatuna silaha. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yampa kila mtu haki ya kutendewa kwa usawa kazini, na chama haki ya kujadiliana na mwajiri.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, yasema mwajiri anayepunguza watu kwa sababu kazi zao hazihitajiki lazima akiandikie chama chao na ofisa wa kazi, si chini ya mwezi mmoja kabla, akieleza sababu na idadi. Lazima afikirie miaka ya utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mtu. Lazima alipe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Mwajiri akisema "ni mashine iliyoamua," sheria haimjui mashine. Yamjua yeye.

Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 35, yampa mtu haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake katika jambo kubwa linalomhusu, isipokuwa kwa mambo yaliyotajwa katika sheria. Jueni hili, kwa kuwa programu ile ile inayopima mwendo wa seva yaweza kesho kupima mwendo wa karani, na kumwandika mvivu kwa sababu alikwenda msalani.

Serikali nayo ilitoa Mkakati wa Taifa wa Akili Mnemba wa 2025 hadi 2030, mwezi wa Machi 2025. Twashukuru. Lakini mkakati wa taifa haulipi mshahara wala haumlindi karani wa Bungoma. Hiyo ni kazi ya mkataba, na mkataba ni kazi yetu.

TUNAYOYATAKA

Kwa hiyo twapendekeza haya yaingizwe katika majadiliano yajayo na kila mwajiri anayetumia mashine hizi:

1. Chama kiarifiwe kabla mashine haijanunuliwa, kionyeshwe itafanya kazi gani na kazi za nani zitabadilika.

2. Mashine iruhusiwe kuangalia na kushauri. Amri yoyote ya kuzima, kubadili au kufuta kitu kinachogusa usalama, mshahara au pesa za watu ipate idhini ya mtu mwenye ujuzi, na jina lake na saa viandikwe.

3. Mtu huyo awe na uwezo wa kuisimamisha mashine wakati wowote, wala asiadhibiwe kwa kuisimamisha kwa nia njema.

4. Kila jambo ambalo mashine imelifanya liandikwe katika daftari ambalo wakaguzi na chama wanaweza kulisoma.

5. Wafanya kazi wa zamu wafundishwe mashine mpya kwa gharama ya mwajiri, na siku za mazoezi ya kufanya kazi kwa mkono ziwekwe kila mwaka, ili ujuzi usipotee.

6. Asipunguzwe mtu kabla ya kutafutiwa kazi nyingine na mafunzo yake. Ikiwa faida imepatikana, sehemu yake ije katika mishahara na katika kupunguza zamu za usiku.

7. Vijana wa kompyuta, hata wale wa kampuni za kati, waruhusiwe kuingia chamani bila kutishwa.

NENO LA MWISHO

Twawaomba wanachama wa Kitale na Bungoma waje katika mkutano ujao wa tawi na maoni yao. Tena kila mmoja alete kijana mmoja wa kompyuta, awe wa reli, wa kiwanda cha sukari, wa benki au wa ofisi ya kaunti. Tusimwambie aje atusikilize. Tumwambie aje atueleze kazi yake, kwa sababu yeye ndiye anayeijua mashine hiyo kuliko sisi na kuliko bwana aliyeinunua. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Mashine hizi zitakuja, mvua au jua. Zikikuta kila mtu yuko peke yake zitatupanga zinavyotaka wenye kuziuza. Zikikuta mkataba mezani, zitaingia kwa ruhusa, kama treni iingiavyo kituoni.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.

Sisi wafanya kazi wenzenu wa reli,
Kitale na Bungoma.